Yule Wanayemwangalia Wote

Lango lilikuwa limefungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikuwa umelala ndani ya Biblia ya Mama Julie, mwombezi wa kanisa, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha zamu nzima ya kiwanda. Mfungo wa familia ndivyo ulivyo huku mtaani Panda: hakuna kula, hakuna kutoka, mpaka kizuizi kijulikane. Na shida yenyewe ilikuwa hii: Jaël, binti wa pekee wa mzee Damas, hakuwa amepata mtoto tangu aolewe, na wakwe zake walikuwa wamechoka kungoja.

Basi walikaa sebuleni kwa mzee, midomo imekauka. Jaël alikuwepo, na mumewe Hénoc, mnunuzi wa madini ya machimbo ya Kakanda, na mama mkwe wa Jaël, ambaye uso wake ulishaanza kutafuta mke mwingine. Mama Julie alizunguka chumba akinusanusa, akasimama mbele ya ukuta wa picha.

Ukuta ule ndio uliokuwa maisha ya Damas. Baba yake aliendesha mashine ya sinema ya wafanyakazi, na picha hizo ndizo zilizobandikwa mlangoni, nyuma ya kioo, ili kuwavuta watu wakate tiketi. Zote ni za filamu za wapelelezi, nyeusi na nyeupe: makoti yenye kola zilizosimama, kofia zilizofunika jicho moja, wanawake warembo wanaovuta sigara bila haraka. Sinema ilifungwa kabla Damas hajafikia umri wa kuruhusiwa kuingia. Baba alileta picha chache nyumbani, nyingine Damas alizitafuta mwenyewe kwa wajane wa wafanyakazi wa zamani. Moja aliiokoa sokoni ikiwa tayari imefungiwa karanga, na mpaka leo mpelelezi wake ana doa la mafuta shavuni. Filamu zenyewe hakuziona hata moja.

Ndiyo maana Jaël alipokuwa mdogo walikuwa na mchezo wao, kuangalia picha na kubahatisha muuaji ni nani. Mtoto kila mara alimwonyesha yule anayetazamwa na wenzake.

"Hapana, mama," Damas alikuwa akimwambia huku akicheka. "Ule banaangaria bote, haiko ye. Tafuta ule mwenye anaangaria mulango."

"Njo hiyi!" Mama Julie akapaza sauti sasa, akizinyooshea picha kidole. "Bantu ba kufa, macho wazi usiku na muchana! Hiyi macho njo inakulaka mimba ya mutoto. Papa Damas, weye njo uliileta mu nyumba, weye njo utaichoma!"

Wote wakageuka wakamtazama Damas.

Mzee akaona amenaswa. Akizichoma, amekiri. Akikataa, mchawi ni yeye, na mchawi hana wa kumtetea. Huku moto, huku shimo. Hasira ilimpanda kwa sababu jibu alikuwa nalo kwenye ncha ya ulimi. Jaël alikuwa amemweleza siri: alikwenda kwa daktari, hakukutwa na kasoro yoyote, daktari akaomba kumpima mume. Hénoc alikataa, akaapa kwamba siku neno hilo likisikika nje, atamrudisha kwa baba yake.

Damas alimtafuta mkwewe kwa macho. Watu wote walikuwa wanamtazama mzee. Hénoc peke yake alikuwa anaangalia mlango. Damas nusura acheke: hii ndiyo filamu ya kwanza atakayoiona mpaka mwisho.

"Haiko mapicha," akaanza. "Mwenye kufunga ile tumbo..."

"Papa!"

Jaël alikuwa amesimama. Alikuwa amefuata macho ya baba yake, akamwona mumewe, akaona mlango. Mchezo hakuusahau.

"Papa, choma tu," akasema, machozi yakimtoka. "Nakuomba."

Mama Julie akapiga makofi, akamsifu Bwana. Damas hakumsikia. Alielewa kwamba mwanawe amechagua. Jaël alimpenda yule mwoga, basi, na ili abaki kwake ilibidi apatikane mwenye kosa mwingine. Iliuma kuliko kuitwa mchawi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Akang'oa pini moja moja. Uani, mbabula, jiko la makaa, ilikuwa imeshawaka. Hénoc alimsaidia kubeba picha kwa heshima zote, akisema, "Pole, Papa," bila kumtazama. Ile ya karanga ndiyo iliyoshika moto upesi.

"Sema na kinywa yako," Mama Julie akaamuru. "Nani alifunga mutoto?"

Damas alimwangalia binti yake. Binti aliangalia chini.

"Miye," akasema. "Njo miye."

Ufunguo ukatoka kwenye Biblia, lango likafunguliwa. Mama mkwe alimshika Jaël mkono, akasema mkwe wake hatakanyaga tena nyumba hii. Walipofika langoni wakageuka wote kumtazama mchawi kwa mara ya mwisho, hata Hénoc. Jaël peke yake alikuwa anaangalia mlango wa kutokea.