Haikutajwa

Mwanamke alimnunulia mumewe koti. Alipolifikisha nyumbani likaonekana dogo, akarudi nalo dukani akachukua kubwa zaidi. Hayo ndiyo yaliyosemwa, kwa Kiingereza, na kitabu cha mazoezi kilichokuwa wazi juu ya meza ya kukatia nguo, kurasa zake zimekandamizwa kwa mkasi mzito ili feni isizipeperushe. Chini ya habari hiyo paliandikwa kwamba mume alikuwa amenenepa, na msomaji alitakiwa kuchagua jibu moja kati ya matatu: kweli, si kweli, au haikutajwa.

Fundi aliandika kweli, akaichomeka kalamu nyuma ya sikio kama mtu aliyemaliza kazi.

"Umekosa," wifi yake alisema.

"Nimekosa nini? Koti si halikumwingia?"

"Haikutajwa kwamba alinenepa. Pengine huyo mama alikosea saizi tu."

"Mke akosee saizi ya mumewe? Huyo ni mke au mpangaji?"

Wifi alicheka mpaka miwani ikamteleza puani. Alikuwa dada wa marehemu mume wa Fundi, na karani wa mahakama. Kila alasiri akitoka kazini alipitia hapo dukani, akavua viatu, akamsomesha wifi yake huku akimtania.

"Unajua tatizo lako?" alisema. "Wewe husomi, wifi. Unashona."

Fundi naye alicheka, lakini maneno hayo yalimwingia. Tangu ujana wake alikula kwa kusoma yasiyosemwa. Mteja alimletea kitambaa na maneno mawili, naye akayajazia mengine kwa macho: huyu anataka kwapa lisimbane ila anaona haya kusema, yule tumbo limeanza kutoka na kwao hawajui. Ndani ya kila mshono aliacha kitambaa cha akiba, ili nguo ipanuliwe siku mwili utakapobadilika. Watu walimsifu kwamba anajua shida yako kabla hujafungua mdomo. Wale aliowakosea hawakurudi, kwa hiyo hakuwaweka hesabuni.

Sasa mazoea hayo hayo yalikuwa yanamfungia mlango. Binti yake wa pekee aliolewa ng'ambo na alikuwa mja mzito. Mimba mbili zilikwisha kuharibika kabla ya hii. Serikali ya huko haikumruhusu mama kwenda kukaa naye mpaka afaulu mtihani wa Kiingereza. Kuzungumza alifaulu, maana mdomo haukuwahi kumpa taabu. Kusikiliza alipenya kwenye tundu la sindano. Kusoma akaanguka. Kabla ya mtoto kuzaliwa ulibaki mtihani mmoja tu, na akianguka tena binti angejifungua mikononi mwa wageni, pamoja na mkwe mmoja mpole ambaye hata kifungo kikimdondoka alimngoja mkewe.

Kila siku Fundi aliamka na jambo hilo limemkaa kifuani. Alikata suruali akiwaza vifungu vya habari. Alipima viuno vya watu akinong'ona maneno ya kigeni, mpaka bibi mmoja akamuuliza kama anamwombea dua.

Jumapili binti alipiga simu.

"Mama, jana nilikwenda kliniki. Daktari akasema—"

"Presha imepanda."

"Hapana, mama. Akasema mtoto—"

"Hachezi! Nilijua. Ile sauti yako ya juzi—"

"Mama! Niache nimalize. Akasema mtoto anaendelea vizuri, ila nipumzike."

"Upumzike kwa nini? Daktari hamwambii mtu apumzike bure. Kuna kitu mnanificha."

Binti alishusha pumzi ndefu. Akasema ana usingizi, watazungumza siku nyingine.

Fundi alibaki na simu mkononi. Mimba ya pili ilipoharibika, binti alimficha mwezi mzima. Alipobanwa aseme kwa nini, alijibu bila hasira: "Mama, ningekuambia, ingebidi nikubembeleze wewe." Maneno hayo yalimuuma siku ile na yalimuuma bado. Aliyakumbuka kila alipokata simu, na kila aliposhika simu aliyasahau.

Kesho yake alimuuliza wifi yake, "Hii haikutajwa, hasa ina maana gani?"

"Ina maana hujui."

"Na mtu asiyejua anafanya nini?"

"Anaandika haikutajwa, anakwenda swali linalofuata."

"Nyie watu wa mahakama mna roho za chuma."

"Si roho, wifi, ni kazi." Karani alivua miwani akaifuta kwa upindo wa gauni. "Shahidi akilia mbele yangu naandika: alilia. Siandiki alikuwa na huzuni. Nimewaona wanaolia kwa huzuni, kwa furaha, na kwa kutaka kumlainisha hakimu. Mimi nitajuaje? Nangoja aseme."

Fundi alitikisa kichwa. Alishika pini zake midomoni, akamgeukia mteja aliyekuwa anaingia. Hiyo ndiyo ilikuwa saa pekee ambayo hakusema kitu: mtu akiwa amesimama mbele yake na kitambaa mwilini, na pini zimepangwa kati ya midomo yake.

Asubuhi ya mtihani Fundi na wifi yake walikuwa wamekwisha fika kwenye lango la kituo simu ilipolia mlio wa ujumbe. Ulitoka kwa mkwe. *Mama, tuko hospitali tangu alfajiri. Nitapiga.*

Miezi ya binti ilikuwa haijatimia.

"Mtoto amekufa, wifi."

"Nani kasema?"

"Nimejua tu."

"Nakuuliza, nani kasema?" Wifi aliichukua ile simu. "Huko ndani haziruhusiwi. Nitakaa nayo hapa hapa langoni. Ingia, tafadhali. Ukirudi nyumbani utafanya nini zaidi ya kulia?"

Akaingia. Viti vilipangwa kimoja mbali na kingine, na msimamizi alitembea kwa viatu vya mpira visivyo na sauti. Kifungu kilikuwa cha fundi saa mmoja mzee ambaye Ijumaa moja alifunga duka lake mapema, jambo ambalo majirani hawakuwahi kuliona. Swali likadai kwamba mzee huyo alikuwa mgonjwa. Mkono wa Fundi ulikuwa njiani kuelekea kweli. Mzee hafungi duka bure! Alikwisha kumwona kitandani, na jirani amemchemshia uji.

Akauzuia mkono. Alirudi juu, akapitisha kidole mstari kwa mstari kama anavyopapasa sakafu kutafuta pini iliyodondoka kabla mtoto wa mteja hajaikanyaga. Hakuona ugonjwa. Hakuona uzima pia. Mzee alifunga duka, basi. Yule wa kitandani, Fundi mwenyewe ndiye aliyemshona.

Akaandika haikutajwa.

Ndipo ule ujumbe ulipomjia, nao akausoma vivyo hivyo, neno baada ya neno. Wako hospitali. Tangu alfajiri. Mkwe atapiga. Mtoto amekufa? Akatafuta, haikutajwa. Pumzi ikamrudi. Kwa tamaa akajaribu upande wa pili: mtoto ni mzima? Haikutajwa.

Hapo ndipo alipoogopa hasa. Hofu aliyoizoea ilikuwa na sura. Hata msiba, akiutunga mwenyewe, ulikuwa wake, ameupima na kuukata na kuuvaa kabla haujafika. Hii ya sasa haikuwa na kiuno wala mabega. Machozi yalidondokea karatasi, akayafuta kwa kiganja, akaenda swali linalofuata kwa sababu hakuwa na jingine la kufanya.

Alipotoka hakujua kama amefaulu. Wifi yake alikuwa langoni, amesimama, simu sikioni, na mashavu yake yamelowa. Mtandio ulikuwa umemwangukia mabegani na hakuwa na habari nao. Fundi alimwona tangu mbali, na mwili mzima ukataka kukimbilia jibu. Machozi yale, mtandio ule, na ule mkono mwingine uliokamata chuma cha lango.

Analia, alijiambia. Analia tu. Akaendelea kutembea.

"Wifi—" Karani alianza.

"Usiniambie. Nani yuko hapo?"

"Yeye mwenyewe."

Fundi akaipokea simu. Ilikuwa ya moto kwa kushikwa muda mrefu. Kule upande wa pili alisikia magurudumu yakipita sakafuni, mlango ukifungwa, na pumzi aliyoijua tangu ilipokuwa pumzi ya mtoto mchanga.

"Mama?"

"Naam, mwanangu."

"Mama, mtoto—" Sauti ikakatika, kwikwi ikaishika.

Maneno yakamjaa Fundi kinywani, ya heri na ya shari, yote yanasukumana kutoka. Akabana midomo kama aliyeshikilia pini. Wifi yake alimkodolea macho. Magurudumu yakapita tena kule mbali, yakanyamaza.

"Nipo," alisema alipoweza. "Nakusikiliza. Malizia."