Mama Mmoja kwa Kila Mtu

Kiwanda cha sabuni cha Changamwe kilikuwa na ugonjwa wake: mama wa wafanyakazi hawakwisha kufa. Mtu akizika mama kabla ya masika, wakati wa vuli anazika mwingine. Meneja, ambaye watu walimwita Bwana Mapovu wala hawakujisumbua na jina lake la ubatizo, alishindwa kabisa kuelewa kwamba dada ya mama naye ni mama, na mke mwenza wa mama naye ni mama, na wote hao huzikwa. Kwake ulikuwa uongo mtupu wa wavivu.

Basi mwaka wa arobaini na saba, mgomo mkuu ulipokwisha kuwatia mabwana homa, wenye viwanda walikutana klabuni kisiwani, bila kibali cha mtu, wakaunda chama cha kuzuia vyama. Wakawanong'oneza wakubwa wa serikali kwa chai na keki: wafanyakazi wasikutane bila kibali, kibali kisitoke mpaka tajiri wao aridhie, na ruhusa ya mazishi iwe ya mama mmoja tu, yule aliyemzaa mtu. Yaani uende kwa Bwana Mapovu, uvue kofia, umwombe akuruhusu kukutana ili umpinge Bwana Mapovu. Na wakubwa wakakubali, aibu isiwapate hata kidogo.

Ila waliyasahau matanga. Matanga hayakuhitaji kibali.

"Tunataka maiti," alisema Elkana, mpika mafuta kutoka bara, aliyekuwa akiunda chama cha wafanyakazi kimyakimya. "Nani ana mama ambaye hajafa?"

Wakatazamana. Kila mmoja alishamtumia wake. Wafula, mwenzake Elkana wa bara, alishamzika wake mara mbili, na mama mwenyewe yuko kwao anapalilia mtama. Macho yote yakamwangukia Katana, mkata sabuni, mtu mkweli kupita kiasi, ambaye mamake Nyamvula alikuwa kijijini kwao Utange, mzima na meno yake yote.

Katana alikataa. Kisha akaitazama mikono yake, iliyochunwa na magadi hata haikuweza kumega ugali wa moto, akakumbuka jinsi kampuni ilivyokataa kuwanunulia glavu. Akakubali, huku akiona haya.

Matanga yakafana. Watu walijaa uani kwa Katana wakalia kwa zamu, na kati ya kilio na kilio wakachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Elkana akawa mwenyekiti. Wafula alizimia. Bwana Mapovu mwenyewe, ili aonekane baba wa wote, akaleta sanda ya amerikani safi ipelekwe Utange, na kutoa pole kwa Kiswahili chake cha kufokea punda. Askari aliyetumwa kuchungulia alipewa pilau, akalia kuliko wafiwa.

Chama kikaandikishwa, maana karatasi za serikali zilitaka majina ya viongozi tu, hazikuuliza walichaguliwa wapi. Jumapili iliyofuata, hodi ikapigwa mlangoni kwa Katana.

"Mama! Shikamoo, mama."

"Usimwamkie maiti," Nyamvula akasema, akaketi kitandani. "Nimekuja kuchukua sanda yangu."

Katana akapiga magoti, akamweleza yote. Bibi alisikiliza, uso umekunjamana.

"Na walilia?"

"Walilia, mama. Wafula alizimia."

"Ananijua huyo Wafula?"

"Hakujui."

"Basi ana adabu kuliko wewe. Siku nikifa kweli, utaombaje ruhusa? Wewe ndiye mwanangu wa kiume wa pekee. Udongo wa kwanza ni wako kuutupa."

"Nitakuzika, mama. Wallahi."

"Mkristo wewe, wallahi ya nini?"

"Haki ya Mungu, nitakuzika."

Alipoondoka na sanda yake kwapani, alitoa amri: wote waliomlilia waende Utange, wamlilie tena mbele yake, aone nani alilia vizuri. Wakaenda. Akawacheka, akawapikia mihogo ya nazi, na tangu siku hiyo Jumapili nyingi zikawakuta uani kwake. Wafula, ambaye hakuwa na ndugu pwani, alihamishia huko hata kufua nguo.

Mwaka uliofuata, masika, Kanze dadake Katana alifika langoni pa kiwanda, macho mekundu. Katana akaenda ofisini.

"Mama amefariki, bwana. Naomba ruhusa nikamzike."

Bwana Mapovu akacheka mpaka kiti kikalia. "Mama yako kufa mwaka jana. Mimi toa sanda. Sheria nasema mama moja. Wewe toka mlangoni, usirudi kazi."

Katana akapima mambo mawili. Akisema kweli, kwamba yale matanga yalikuwa mkutano, chama kimefutwa na Elkana analala jela. Akinyamaza, ama apoteze kazi, ama mamake atupiwe udongo na mkono mwingine. Akalia palepale, kwa uchungu na kwa hasira, wala hakuona haya.

Mlango ukafunguka. Elkana, aliyekwisha kupata habari kwa Kanze, akaingia, aproni ikichuruzika mafuta.

"Mamangu amekufa, bwana. Naomba ruhusa."

"Na wangu," akasema Wafula nyuma yake.

"Na wangu," wakasema wa kwenye mapipa, na wa kwenye mizani, na wapakizi, mpaka ukumbi ukajaa.

Bwana Mapovu akasimama. "Mama yenu yote? Leo?"

"Hapana, bwana," akasema Elkana. "Sisi tunafuata sheria. Mama ni mmoja."

Wakatoka wote pamoja, naye hakuweza kuwafukuza wote. Mafuta yakaganda masufuriani na miiko ndani yake. Wakavuka kisiwa kwa miguu, wakavuka na daraja la Nyali, mvua ikiwanyeshea.

Nyamvula alikuwa amefungwa ndani ya amerikani ya kampuni. Katana akatupa udongo wa kwanza. Wafula alizimia tena, na safari hii hakuna aliyemcheka.