Mawe Mia na Nane Yasiyo na Kwao

Lori lilikuwa limeshaegeshwa nyuma ya makumbusho, na mkurugenzi amekata neno: mawe yote ambayo hayajulikani yalikotoka yaondoke saa sita mchana, yakamwagwe bustanini. Mawe mia na nane! Mtunza mawe aliyafunga kwenye masanduku huku roho ikimuuma.

Chumba kile cha mawe, kabla yake, kilikuwa cha baba yake mzazi, mtu aliyekuwa akinyoosha hata misumari iliyopinda ili isitupwe. Ndiye aliyelaumiwa kwamba alipoteza kadi za zamani, zile zilizoeleza kila jiwe lilichimbwa wapi na nani. Kadi zilizobaki zilikuwa za mwandiko wake, zenye namba na aina ya jiwe tu. Mkutanoni walimwita mwongo. Akajibu, "Kadi zipo na mawe yake, tafuteni," akavaa kofia, akaondoka. Mwaka wa tisa huu hajakanyaga tena pale. Mzee ana kichwa kigumu kuliko mkusanyo wote ule.

Hata yeye, bintiye, aliwahi kumuuliza, "Baba, ulizipeleka wapi?" Mzee akainuka mezani.

Sasa binti akaona, mawe na yaende, lakini mwandiko wa baba hauendi bustanini. Akalowesha kitambaa, akaibandua taratibu kadi ya kwanza kwenye kibao cha jiwe ilikogundishwa. Ikapinduka mkononi. Nyuma yake kulikuwa na wino wa bluu uliofifia, mwandiko wa mtu mwingine kabisa: kijiji, mto, mwaka, jina la mchimbaji.

Akabandua ya pili. Wino wa bluu. Ya tatu. Wino wa bluu! Akachemsha birika, akawa anazilegeza kwa mvuke moja baada ya nyingine, anacheka peke yake kama aliyepagawa. Mawe yalikuwa na kwao! Mkurugenzi alichungulia kufoka, akasoma kadi mbili, akavuta kiti akaketi.

Binti akapiga simu.

"Shikamoo, baba! Ulizigeuza!"

"Marahaba. Nimegeuza nini tena?"

"Kadi! Uliandika nyuma yake!"

"Walitaka namba mpya, na kadi mpya hazikuwepo. Ulitaka niandike kwenye paja langu?"

"Sasa mbona hukuwaambia?"

"Wao walikuja kuniuliza nimemuuzia nani. Na wewe ukaniuliza nimezipeleka wapi."

Akaiweka kadi chini. Miaka tisa anakula meza moja na mzee huyu, na hakuwahi kumuuliza swali lisilo na hukumu ndani yake.

"Nisamehe, baba. Nilikosa."

Kiti kikasikika kikisukumwa upande wa mzee.

"Umebandua ngapi?"

"Kumi na saba."

"Mvuke usizidi, zitajikunja. Na huyo mwenye lori mwambie aende zake." Kisha binti akamsikia akimwita mkewe kwa sauti iliyojaa nyumba nzima: "Mama watoto! Kofia yangu ya kazi uliiweka wapi?"