Kiti Chini ya Tenti

Sue alikuwa amevaa utadhani ni yeye anayeposwa. Gauni la kijani alilonunua Nakuru, mkufu wa mamake, na viatu vya kisigino kirefu katika tope la Kuresoi. Leo watu walikuwa wanakuja kumposa Chelimo, binti ya jirani yake Jeruto, na Sue alijua vizuri atakaa wapi. Tangu ahamie huku kutoka Mai Mahiu na mashine yake ya kufuma sweta, kila sherehe alipewa kiti chini ya tenti, mstari wa mbele, na soda juu.

Leo hakuna aliyemwonyesha kiti. Alisimama uani na mkoba wake, akitabasamu mpaka mashavu yakachoka. Chepkemei, mke wa mchungaji, alimpita na sufuria bila hata salamu. Jeruto akatokea jikoni, akamtazama kutoka viatu mpaka kichwa.

"Saa hii ndio unafika? Waru nani amenye?"

Akamwachia leso na kisu, akarudi kwenye moshi wake.

Sue alitaka kulia. Amekosea nini? Au ni ile sweta aliyomfumia Kibii, mtoto wa Jeruto, ikambana shingo? Alivua viatu, akafunga leso juu ya gauni, akakaa kwenye debe lililopinduliwa na kuanza kumenya viazi. Kakake, Muiruri, alikuwa amemwekea kibanda chao cha chai kule Mai Mahiu, na leo alitaka jibu: anarudi, au kipewe mtu mwingine? Asubuhi Sue hakujua aseme nini. Sasa alianza kuona kwamba atarudi, na iliuma.

Lakini kitu kingine kikamchanganya. Siku zote akiingia jikoni, mazungumzo yalikatika na watu wakaanza kusifu mvua. Leo walimteta mama ya bwana harusi waziwazi, mbele yake, kisha wakamuuliza anaonaje. Mtu unayemchukia unampa umbea mtamu namna hii? Sue alimenya na kukaanga, na hakuelewa kitu.

Magari yakaingia. Jeruto akajitazama masizi mikononi.

"Sue, enda ukakalishe wageni. Mimi nanuka moshi, na wewe ndio umevaa."

Akaenda hivyo hivyo, miguu mitupu. Akawapanga mstari wa mbele, akaanza kuwafungulia soda. Bibi mmoja mzee akamshika mkono.

"Asante, mama. Wewe ni mamake mdogo wa Chelimo?"

Sue akampa soda kwanza. Bahati nzuri simu ikalia. Ilikuwa Muiruri.

"Sue, unarudi nyumbani ama nipeane kibanda? Huyu mtu ako hapa na mimi."

"Ngoja nitakupigia," akasema, simu ameibana kwa bega, soda mkononi. "Saa hii tuko na wageni."

"Nyinyi na nani?"

Hata yeye hilo neno "tuko" lilikuwa limemtoka bila kumuuliza. Alitazama tenti, viti vyote vimejaa, na kati yavyo hapakuwa na kimoja kilichowekwa kwa ajili yake.

"Sue!" Jeruto aliita kutoka jikoni. "Waru zako zinaungua!"

"Mpe huyo mtu kibanda," Sue akamwambia kakake, akakata simu na kukimbilia jikoni.