Herufi Iliyofuta Siku Kumi na Moja

Ofisini walimwita Nukta, kwa sababu hakuweza kuona sentensi isiyo na kituo akanyamaza. Ukimwandikia ujumbe wenye herufi iliyopotea, alikusahihisha kwanza, ndipo akajibu ulichouliza. Wenzake walimcheka, lakini walimwamini.

Kazi yake ilikuwa kujenga hifadhidata kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kukodi zilizo mbali, zinazotunzwa na watu wengine. Hakubonyeza vitufe kimoja kimoja. Aliandika faili linaloeleza anachotaka: hifadhidata iwe kubwa kiasi gani, nani aruhusiwe kuingia, nakala za akiba zikae siku ngapi. Programu ililisoma faili hilo, ikasema itajenga nini na itabomoa nini, kisha ikangoja mtu aandike "ndiyo". Kanuni ilikuwa kwamba kabla ya ndiyo, watu wawili wasome. Wa pili alikuwa jamaa wa meza ya jirani waliyemwita Breki, maana kwake kila jambo lilikuwa "hebu ngoja kwanza."

Mwezi ule Nukta alikuwa amewajengea hifadhidata wakunga wa zahanati saba. Zamani waliandika ziara zao kwenye madaftari. Sasa waliziandika kwenye simu: presha ya mama, mapigo ya moyo ya mtoto, miguu imevimba au la. Mkunga mkuu alikuwa mama yake mkubwa, dada wa mama yake, aliyemlea tangu darasa la pili. Mama huyo aliandika kwa kidole kimoja, ulimi nje, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Wakunga wengine walipositasita kuacha madaftari, Nukta alisimama mbele yao akasema, "Daftari linalowa, linaungua, linapotea. Hii haipotei." Mama Mkubwa akawa wa kwanza kulifunga lake. "Mtoto wangu akisema, amesema."

Jumatano, saa nne asubuhi, Nukta aliona kitu kilichomkera. Jina la hifadhidata lilikuwa limeandikwa "wakuga". N ilimponyoka siku ya kwanza kabisa. Ijumaa wageni kutoka wizarani wangekuja kuonyeshwa kazi, na jina lile lingewatazama kwenye skrini ya ukutani, kubwa kama bango. Breki alikuwa amekwenda kung'olewa jino. Kwa herufi moja tu, amngoje mtu na jino lake? Akaongeza n. Programu ikatoa maelezo marefu. Akayapitia kama mtu anayepita mtaa wa kwao, macho mbele, mawazo kwingine. Akaandika ndiyo.

Kwa programu ile, jina jipya ni kitu kipya. Ilibomoa hifadhidata ya wakuga pamoja na nakala zake za kila siku, ikajenga ya wakunga, safi, tupu. Kinga ya kuzuia kufutwa ilikuwepo, lakini mwenyewe aliizima wakati wa majaribio, akasema ataiwasha kesho. Alipofungua orodha ya akina mama, hakukuta hata mmoja. Alitafuta kila pembe, akapata nakala moja aliyoitoa kwa mkono siku kumi na moja nyuma. Ziara zote za tangu siku ile zilikuwa zimekwenda na maji.

Mkurugenzi akafungua mlango. "Wakunga wanasema ziara zao hazionekani. Kuna nini?"

"Inaonekana wingu limepata hitilafu," Nukta akasema.

Hakuwa amepanga kusema hivyo. Uongo ulitoka wenyewe, laini, umenyooka, hauna hata kosa moja la sarufi.

Alhamisi Breki alirudi, shavu limevimba kama ana ndimu mdomoni. Alisoma rekodi za programu kwa nusu saa, akavuta kiti karibu na Nukta. "Programu inaweka kumbukumbu ya nani kasema ndiyo, na saa ngapi."

Nukta hakumtazama. "Utamwambia mkurugenzi?"

"Mimi? Mdomo wenyewe unauma. Sema wewe. Lakini usikawie."

Akakawia. Mchana mkurugenzi aliahirisha ziara ya wageni, akaandika barua kali kwa wenye wingu, akamletea Nukta aipitie. "Wewe ndiye jicho letu," akasema. Nukta akaipitia. Akaondoa mkato mmoja uliozidi, akabadilisha "mmeturudisha" kuwa "mmeturejesha", akairudisha. Barua ikatumwa. Alikwenda chooni akanawa uso mara tatu, na bado ulikuwa wa moto.

Ijumaa asubuhi Mama Mkubwa akapiga simu.

"Mwanangu, umekula? Nasikia hao watu wa wingu wamekutesa."

"Mama..."

"Usijali. Hawa wenzangu, kumbe walikuwa wanaandika kwenye madaftari kwa siri, wajanja hawa! Wao wamepona. Mimi tu ndiye sina kitu, ziara sitini na moja. Lakini si kosa lako. Kuna mmoja hapa aliguna, nikamkata kauli. Nimemwambia, mtoto wangu nimemlea mimi, hana uzembe."

Katika wakunga wote, aliyeumia zaidi ni yule aliyemwamini. "Nakuja, Mama," akasema.

Alipita kwanza kwa mkurugenzi, akaeleza yote akiwa amesimama. Mkurugenzi akasema, "Kwa hiyo nimewatukana watu bure, na wewe ukanisahihishia matusi." Akamvua ruhusa ya kugusa mifumo inayotumika. Nukta hakuomba apunguziwe.

Zahanatini kwa Mama Mkubwa, wakunga walikuwa kwenye chumba cha nyuma wakihesabu glavu. Nukta alisema mbele yao wote: wingu halikuharibika, alifuta yeye, kwa ajili ya n moja. Mtu akacheka puani. Mama Mkubwa aliendelea kupanga glavu.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu juzi."

"Na asubuhi hii nilipokuwa nakutetea, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Mficha uchi hazai. Hayo tunawaambia wanawake wanaotuficha damu na homa. Sikutegemea nitamwambia msomi wangu." Akafunga boksi. "Kuna mmoja presha yake ilikuwa inapanda kila nikimpima. Namba zimenitoka, mlango naukumbuka. Beba kipimo."

Yule mama waliyemfuata walimkuta amelala, anasema mwanga unamchoma macho. Mama Mkubwa alimpima mara mbili, akamshika mkono, wakampeleka hospitali saa ile ile. Daktari aliuliza, "Mwanzo wa wiki hii ilikuwa ngapi? Na wiki iliyopita?"

Mama Mkubwa akaingiza mkono mfukoni kutafuta daftari, akautoa mtupu. Miaka thelathini ya ukunga, na hakuwa na namba hata moja.

"Alizipima," Nukta akasema. "Mimi ndiye niliyezifuta."

Daktari alimtazama kidogo tu, akageukia kazi yake. Mtazamo ule mfupi ulimuuma kuliko maneno ya mkurugenzi. Yule mama alilazwa, na siku ya tisa akajifungua salama.

Wiki mbili zilizofuata, kila alasiri, Nukta alimfuata Mama Mkubwa mlango kwa mlango. Vipimo vya zamani havikurudi. Walichukua vipya, wakaandika yale akina mama waliyoyakumbuka. Kila mlango Nukta alieleza kwa nini wanaulizwa tena. Wengine walimpa pole, mmoja akamfokea hadi majirani wakatoka. Mama Mkubwa alisema naye ya kazi tu: "Andika. Rudia. Mguu wa kushoto." Neno "mwanangu" halikumtoka.

Nyumba ya mwisho walikuta kufuli. Jirani alisema wamehama, hajui walikokwenda. Nukta akasimama kibarazani, akaandika kwamba ziara hii haikupatikana, na penye sababu akaweka jina lake.

Walitembea kurudi, Nukta amebeba mikoba yote miwili. Penye kona Mama Mkubwa alisimama akijisugua goti.

"Umechoka?"

"Nimechoka, Mama."

"Vizuri," akasema, akaendelea kutembea, safari hii polepole kidogo, ili mtoto amfikie.