Maziwa ya Timboni

Ilikuwa Alhamisi ya Februari, saa tatu asubuhi. Upepo mkavu ulivuma mjini Nanyuki, na mlima ulionekana wote, bila wingu. Wakiuru alikaa kando ya mumewe, Theuri, katika chumba cha daktari. Alitazama dirisha kwa sababu hakutaka kutazama picha.

Daktari Hodo aliitundika picha ya eksirei mbele ya taa. Mapafu yalipaswa kuwa meusi, kwa sababu hewa huonekana nyeusi katika picha. Ya Theuri yalijaa madoa madogo meupe, hasa upande wa juu, kama unga uliomwagika juu ya kitambaa.

"Si kifua kikuu," alisema daktari. "Makohozi yamepimwa tena na hayana kitu. Mzee, unafanya kazi gani?"

"Nakata mawe. Timbo iko upande wa Naro Moru."

"Kwa nyundo ama kwa mashine?"

"Mashine, daktari. Nyundo ilikuwa ya baba yangu."

"Mnamwagia jiwe maji mkikata?"

"Maji inaleta matope, na matope inachelewesha lori. Tunakata kavu."

"Na barakoa?"

Theuri alicheka. Kicheko kiligeuka kikohozi, na kikohozi kilikataa kuisha. Alipopata sauti alisema, "Barakoa ya nini na tuko na maziwa? Huyu Mama Shiro analeta mtungi kila siku saa nne. Tunakunywa, tunakohoa, tunatema. Mate ikitoka safi, kifua imeoshwa."

Siku nyingine maneno hayo yangempendeza Wakiuru. Ng'ombe alikuwa wake, na desturi ilikuwa yake pia. Wanaume walipolalamika kwamba vitambaa walivyojifunga usoni viliwakata pumzi, yeye ndiye aliyewaambia wavivue, mradi wanywe.

Daktari hakucheka. Alichora koo kwenye karatasi, likigawanyika njia mbili.

"Maziwa yanapita hapa, yanaenda tumboni. Hewa inapita hapa, inaenda kwenye mapafu. Maziwa hayafiki huko hata kidogo."

"Na mbona mate inatoka na vumbi?" aliuliza Wakiuru. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hizo ni chembe kubwa, mama. Njia za hewa zina utando wenye ute, na vinyweleo ambavyo huwezi kuviona. Chembe kubwa hunasa kwenye ute, vinyweleo huzisukuma juu hadi kooni, mtu akatema. Zingetoka hata kama angekunywa chai. Vumbi baya ni lile lisiloonekana. Hilo hupita mpaka mwisho, kwenye vifuko vidogo vya hewa. Ukuta wa kifuko ni mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Mwili una askari pale. Askari humeza chembe ya jiwe, lakini jiwe halisagiki. Askari hufa, chembe hubaki, mwingine huja kuimeza, naye hufa. Ukuta huumia kila mara, na palipoumia hufanya kovu. Kovu halitanuki, na hewa haipiti vizuri kwenye kovu."

"Haya, toa hiyo kovu," alisema Theuri.

"Hakuna dawa ya kulitoa. Ukiacha vumbi leo, huenda ukabaki na pumzi ya kukutosha. Ukiendelea, itafika siku utakosa hewa ukiwa umekaa tu."

Simu ya Theuri ililia. Alikuwa Waweru, msimamizi wa timbo. Alisema kwa sauti iliyosikika chumba kizima kwamba lori limefika na mashine moja imesimama.

"Nakuja," alisema Theuri. Alimshukuru daktari kwa adabu, akaichukua picha, akatoka.

Wakiuru alimkimbilia hadi barabarani. "Baba Shiro, hukusikia?"

"Nimesikia. Sasa sikia wewe. Usiseme kitu huko. Waweru akijua niko mgonjwa, kesho mashine ni ya mtu mwingine. Na ukinyamaza, hii kitu itaisha pole pole."

Theuri alijua haitaisha. Wakiuru alilitambua hilo kwa jinsi alivyoikunja picha, kama mtu anayeficha kitu cha wizi. Njia yote hadi Naro Moru alisikiliza pumzi ya mumewe: fupi, yenye mluzi kwa ndani, kama ya mtu anayepanda kilima, ingawa alikuwa amekaa.

Walipofika timboni, vumbi lilikuwa limesimama juu ya shimo kama moshi mweupe. Kinuthia, mkataji aliyefanya kazi kwenye mashine ya pili, alijitokeza humo na nyusi zilizopauka.

"Mama Shiro! Leo umetuua! Tumemeza vumbi kavu kama kuku, bila hata kikombe moja!"

"Ati kuku," alisema Waweru. "Kuku hunenepa. Wewe umekonda kama msumari."

Walicheka. Wakiuru alitazama vumbi likiingia katika vinywa vilivyo wazi. Alifungua mdomo. Theuri alimkazia macho. Akaufunga.

Theuri aliwasha mashine. Msumeno uligusa jiwe, na wingu likamfunika hadi mabegani. Lilipopunguka kidogo, Wakiuru alimwona ameinama, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka upesi. Midomo ilikuwa ya kijivu. Alivuta hewa, na hewa haikuingia. Macho yalimtoka, yakamtafuta mkewe.

"Zima!" Wakiuru alipiga kelele. "Waweru, zima zote!"

Waweru alizima. Wakamkalisha Theuri upande upepo unakotoka, wakamfungua shati. Alivuta, akavuta tena. Kimya kile kilimtisha Wakiuru kuliko kelele za msumeno, kwa sababu sasa kila mmoja alisikia ule mluzi. Baada ya muda rangi ilirudi midomoni, lakini hakuweza kusema.

Kwa hiyo alisema Wakiuru. "Maziwa haifiki kwa mapafu. Inaenda tumbo. Niliwadanganya, na sikujua."

"Haiwezi," alisema Kinuthia. "Mimi nikinywa natema vumbi. Nimeiona na macho yangu."

"Hiyo unaona ni ile kubwa. Ile ndogo imebaki ndani, imefanya kovu. Mnafaa kumwaga maji kwa jiwe, vumbi isiruke. Angalia." Aliichukua picha kutoka kwa Theuri, akaikunjua na kuielekeza juani. Kinuthia aliitazama kwa muda mrefu. Kisha alikohoa na kufunika mdomo kwa mkono, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya.

"Na yangu iko aje?" aliuliza.

Wakiuru alitoa simu yake.

Waweru alifunga mpira wa maji kwenye mashine ya Theuri, akaikabidhi kwa mkataji mwingine siku hiyo hiyo. Kinuthia aliwasha mashine yake ikiwa kavu, kwa sababu mpira ulikuwa mmoja, akajifunga shati usoni. Wakiuru alimpigia Daktari Hodo kuuliza kama wakataji wote wanaweza kupigwa picha, kisha akamshika mumewe mkono wakaelekea nyumbani. Theuri alisimama mara nyingi njiani, na hakugeuka kutazama nyuma.