Siku Nne za Fosca

Jumapili ile ya mwisho wa Mei, Fosca alisimama kwenye uwanja mkuu wa Siena, miguu imemvimba, akimwombea adui bahati. Yeye ni mzaliwa wa mtaa wa Kobe, na Kobe hawawatakii Konokono hata maji ya kunywa. Lakini mumewe, Nedo, ni Konokono. Tangu waoane, kila mara mitaa yao yote miwili ilipokimbiza farasi kwenye mbio za mji, Fosca alifunga kibegi akaenda kwa dada yake siku nne, maana mahasimu hawalali kitanda kimoja wakati wa mbio. Zamani alizichukia siku hizo. Tangu Nedo apooze upande mmoja, ndizo pekee anazopumzika. Wifi yake, Iride, huja kumgeuza, kumlisha na kumwosha kaka yake, naye Fosca hulala usingizi wa pono.

Mwaka huu Kobe walikuwa wanakimbia kwa zamu yao, bendera yao imeshatundikwa kwenye dirisha la manispaa. Konokono walitegemea kura pamoja na mitaa mingine isiyo na zamu, na nafasi zilikuwa tatu tu.

Tarumbeta zikalia. Bendera ya kwanza kutolewa dirishani haikuwa ya Konokono, wala ya pili. Ya tatu ilipotokeza, Kobe wote wakapiga vigelegele: Konokono wamebaki nje.

Jirani yake, Loriana, akamkumbatia. "Shoga, mpaka unalia?"

"Nina raha," Fosca akasema. Hakuwa na nguvu ya kueleza.

Alipanda mlima kurudi nyumbani huku amekasirikia kura, farasi, na Iride asiyekanyaga kwao mpaka mila imlazimishe. Nedo alikuwa dirishani, kwenye kiti chake cha magurudumu.

"Tumepata?" akauliza kwa ulimi mzito.

"Mpate wapi? Mtakaa pembeni mtutazame wenzenu tukikimbia."

Akangoja atukanwe kama kawaida yao. Nedo akamtazama miguu.

"Siku ikifika, funga kibegi."

"Hujanisikia? Hamkimbii. Mila hainilazimishi kuondoka."

"Mimi silali na Kobe wakati wa mbio. Mpigie Iride, mwambie kaka yake kakasirika."

"Watakucheka, Nedo."

"Wana meno, wacha wacheke." Akapumzika kidogo, maneno yanamchosha. "Nenda ukalale, Fosca. Kila ukirudi kutoka kule, unakuwa na uso wa yule niliyemwoa."

Kumbe alikuwa anajua, miaka yote hiyo. Fosca akakaa ukingoni mwa kitanda, ameona haya hata hawezi kumgeukia. Alitaka kumwambia haendi popote, atabaki naye. Akafungua mdomo, na neno lililotoka likawa, "Asante."